Pazia Yenye Mikono Mbili

Miaka tisa mama mukwe wangu alinikimbia, na mimi nilimukimbia, na tulipendana sana. Kwetu hiyo ndiyo hishima. Kama anatoka sokoni kwa njia yenye mimi niko napita, naingia kwa kiwanja ya watu, hata kama mwenye nyumba simujue, na yeye anafunika uso na kitambaa, anapita upande ingine. Kama nimefika kwake Kpandroma kusalimia, ananisalimia akiwa nyuma ya jikoni: "Mukwe, umefika muzuri?" Na mimi, uso kwa barabara: "Nimefika, mama." Hatukupeana mukono, hatukukula kwa sahani moja, hatukukaa kwa mukeka moja. Vijana wa leo wanacheka. Wacheke tu. Mimi niko fundi wa kushona, na kila Noeli nilimushonea nguo bila kumupima na metre hata siku moja. Nilimupima kwa macho ya bibi yangu, mutoto wake, na nguo haikumukosa.

Sasa sikia vile ilivunjika.

Nilikuwa natoka Tchomia kupeleka nguo za komunyo ya kwanza, nimebebwa kwa pikipiki. Risasi ililia mara mbili. Ya kwanza niliisikia. Ya pili niliikuta tu ndani yangu. Sikuona nani alipiga, na leo sitafute kujua, juu kujua hakutanirudishia kitu. Nilianguka, nikaona miguu haitoke, nikafikiri pikipiki imenilalia. Nikakasirika kabisa. Nikamuambia dereva: "Weye, toa chuma yako juu yangu!" Masikini ya Mungu, pikipiki yake ilikuwa mbali, kwa mutaro.

Bunia, kwa hospitali, waganga walitoa risasi na waliokoa uzima yangu. Lakini dokteri alisema uti wa mugongo umeguswa. Kuanzia kitovu kushuka chini hakukuwa tena habari: ukinifinya, ukinichoma, ni sawa unafinya mutu wa nyumba ya jirani. Walinipeleka kwa chumba kubwa ya vitanda, fasi watu wanafundishwa kuishi upya, na huko nilikutana na kine, mwanaume mufupi wa Butembo mwenye kazi yake ni kunyoosha viungo ya watu na kuwaambia ukweli.

"Juu ya miguu, sitakudanganya," aliniambia siku ya kwanza. "Lakini kukaa, utakaa. Weye ni kutirie, hapana? Mutu mwenye anaweza kukaa anaweza kushona. Tutatafuta mashini ya kuzungusha na mukono. Kukaa ndiyo kazi yetu, mimi na weye."

Nilishika hiyo neno na meno. Kukaa. Sikuomba Mungu kutembea; niliomba makalio.

Kisha kine akanipa onyo. Adui yangu haikuwa tena risasi, adui yangu ilikuwa matela, ile godoro yenye nililalia. Mutu mwenye hasikie maumivu analala upande moja mpaka nyama inakufa chini yake, na yeye hajue. Kwa hiyo wanigeuze kila saa mbili, muchana na usiku. Na asubuhi na mangaribi mutu aangalie ngozi yangu ya nyuma, kwa mufupa wa mukia na kwa nyonga. Akiona wekundu, amuite mbio.

Sasa, mutu gani? Kwetu hospitali inatoa kitanda na dawa. Kukuosha, kukugeuza, kukupikia, kumwanga mukojo yako, ni kazi ya mutu wako, ule tunaitaka gardimalade. Bibi yangu alikuwa nyumbani, kartye Lumumba, mutaa moja ya Bunia. Walikuwa wamemupasua kwa kuzaa, siku kumi tu mbele ya risasi, na walimukataza kubeba hata ndoo. Mama yangu alisha kufa zamani. Dada zangu, vita iliwatupa kila mumoja upande yake. Asubuhi moja nikasikia sauti kwa dirisha, inje:

"Mukwe, umeamuka?"

Ekie! Nilivuta shuka mpaka kwa pua.

Siku mbili alikaa inje ya dirisha. Alipika chakula, akaituma kwa mikono ya watu. Saa ya kunigeuza, aliomba wanawake wa vitanda ingine, na yeye alisimama huko kwa jua akipiga kelele: "Shikeni bega! Mutamuvunja!" Wanawake wale walikuwa na wagonjwa wao. Siku ya tatu walichoka, na mimi nilielewa kwamba mambo haitaenda.

Ndipo nilipata mawazo, na nitasema wazi nilijivuna sana. Niliomba pagne yangu ya bluu, kitenge ya kujifunika, sindano na uzi. Nililala ubavu moja, kisha ingine, nikashona siku nzima. Nilitengeneza pazia ya kutenga kitanda yangu, na katikati yake, kwa urefu ya matela, niliweka mikono mbili ndefu, yenye elastiki kwa mwisho, mikono ya shati kabisa. Mama mukwe alisimama upande yake, akaingiza mikono yake, na kwangu ilitokea viganja viwili tu, viganja ya mulimaji, kucha fupi. Na hiyo mikono alinigeuza, akaniosha, akamwanga sashe, ule mufuko ya mukojo. Uso yake ilikuwa huko upande ingine, inaangalia ukuta, inaimba nyimbo za misa. Hakuniona, sikumuona. Hishima ilibakia nzima.

Chumba nzima ilikufa na kicheko. Kine mwenyewe aligusa mushono, akasema: "Fundi, weye uko fundi kweli." Alifikiri ni juu ya kujificha kwa watu wa vitanda ingine. Halafu akauliza vile aliuliza kila siku:

"Ngozi, munaangalia?"

Na nyuma ya pazia mama mukwe akajibu: "Tunaangalia!"

Nilisikia. Nilijua hakuna mwenye anaangalia. Ningesema nini? Kwamba mama ya bibi yangu afungue macho kwa matako yangu? Nilinyamaza. Uongo ule tulizaa pamoja, mimi na yeye.

Na tusimuonee. Saa ya kunigeuza hakuikosa hata mara moja. Bibi yangu alikuwa amemutegea simu yake ndogo ilie sauti ya jogoo kila saa mbili, na jogoo ile iliamusha wagonjwa wote, na wote walimuchukia na wote walimuheshimu. "Tugeuke!" alisema, na mikono ilitokea. Na siye, wenye hatukuzungumza maneno kumi kwa miaka tisa, tulianza kuzungumza. Nilijua kwamba anaogopa ziwa, kwamba aliwahi kukataa wachumba watatu, kwamba mwanamuke ile yuko mucheshi.

"Mukwe, uko muzito! Mutoto yangu anakulishaka nini?"

"Sombe, mama."

"Basi aache kuweka mawe ndani."

Nilianza kungojea jogoo ya simu. Mama yangu aliniacha nikiwa kijana mudogo. Nilisha sahau vile inakuwaka kama mwanamuke muzee anakuuliza kama umeshiba, halafu hakuamini.

Juma ya tatu kukawa harufu kwa chumba. Kwa kitanda ya karibu alilala muzee moja mwenye kuvunjika nyonga, na mimi, na hasira yangu hii, nilimuambia mbele ya watu aombe watoto wake wamuoshe muzuri. Muzee aligeuza kichwa.

Jumapili ile, siku ya Mungu, bibi yangu alikuja mara ya kwanza, mutoto kwa mugongo. Alicheka pazia, akaisifu, kisha akasema leo atanibadilisha nguo yeye mwenyewe, yeye ni bibi yangu. Alinigeuza, akafunua. Sikusikia kitu. Sikusikia kabisa, hata pumuzi yake.

"Mama," alisema pole pole. "Kuya uone."

"Sitaangalia," mama mukwe alijibu nyuma ya pazia.

"Mama, kuna tundu."

Harufu ilikuwa yangu. Muzee wa watu nilimutukana bule.

Kine alikuja mbio, akapima. "Santimetre sita," alisema, na hakupiga kelele. Ingekuwa afazali apige. Aliuliza nani alikuwa anaangalia ngozi. Mama mukwe alisema toka huko alikuwa: "Ni mukwe wangu. Ningeangalia namna gani?" Kine aliingiza mikono yake mwenyewe kwa pazia yangu, akafunga macho, akapapasa matela huku na huku, vidole vyake vikapita pembeni ya kidonda bila kuigusa.

"Mama," alisema, "mikono haina macho."

Dokteri alikuja kumaliza maneno. Nitalala juu ya tumbo. Kiti, hapana. Kushona, tusiongee. Kidonda ilikuwa inashuka, na kama inafika kwa mufupa, hawatazungumza tena juu ya kukaa, watazungumza juu ya uzima. Kila siku mutu aifungue, aioshe, aiangalie ndani na aseme ukweli ya kile ameona. Bibi yangu alilia. Hangeweza kulala pale na mutoto muchanga, kati ya vidonda ya watu. Alirudi Lumumba na mangaribi, na ilibakia mutu moja tu.

Na huyo mutu moja alitoka. Simu ya jogoo aliipa mwanamuke wa kitanda ya kona, akamuomba anigeuze, na akaenda bila kuaga. Nilijiambia amerudi Kpandroma. Nililala uso kwa matela na hasira ilinijaa, na haikuwa juu yake. Nilikasirika juu ya pazia, juu ya akili yangu ya fundi, na juu mwanamuke wa watu alilazimishwa kuchagua kati ya hishima yake ya maisha yote na matako ya kutirie.

Kesho yake, saa sita ya muchana, mulango ilifunguka. Mulango, hapana dirisha. Mama mukwe aliingia uso wazi, kuku ya manyoya mekundu kwa kwapa. Nilimuona uso kwa karibu mara ya kwanza. Ana mwanya kwa meno, mwanya ya bibi yangu kabisa. Nikageuza macho haraka.

"Angalia," aliniambia.

Niliangalia.

"Nilienda kwa wamama wa kwetu wenye wanaishi hapa Bunia, kuwauliza. Walisema hishima ya mukwe haivunjwake, lakini inaweza kufungwa kwa kamba na kuwekwa pembeni. Kamba yake ni hii kuku. Nimekupatia. Kuanzia sasa hauko mukwe wangu, uko mutoto wangu. Siku utakuwa mwanaume muzima, utanirudishia kuku, na hishima itafunguliwa. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Mwenye kuficha uchi hazae. Na mimi nilisha zaa mara saba, sina tena kitu ya kuficha. Lala vizuri."

Alifunga kuku kwa muguu wa kitanda. Alishusha pazia, akaikunja mara ine, akaniwekea chini ya kifua. Kisha alifunua. Nilikuwa juu ya tumbo, sikuweza kuona uso yake. Nilisikia tu kwamba ameacha kupumua, kisha ameanza tena.

"Pole, mutoto wangu," alisema. "Ni mimi nilikufanya hivi."

"Ni siye wawili, mama."

Nililia. Sifiche. Nililia ndani ya pazia yangu mwenyewe, na yeye alikuwa ananiosha na kulia pia, na muzee wa kitanda ya karibu, ule nilimutukana, alituma mujukuu wake na kikombe ya chai kwa kila mumoja wetu.

Kine alimufundisha vile maji inachemushwa na chumvi, vile kompresi, kitambaa ya kidonda, inaingia bila kusukumwa, rangi gani ni ya uzima na rangi gani ni ya kifo. Mama mukwe hajue kusoma, na santimetre za kine hazikumuambia kitu. Basi kila siku ya Mungu alikata uzi kwa bobini yangu, akaunyoosha pembeni ya kidonda bila kugusa, akaukata kwa urefu yake, akaufunga kwa chuma ya kitanda. Uzi ya kwanza ilikuwa ndefu kama kidole ya kati. Ya pili, vile vile. Ya tatu ilizidi kidogo, na siku ile hakuimba. Ya ine ilirudi. Kuanzia hapo nyuzi zilifupika, pole pole ya kukasirisha, na kila siku ya Mungu alinionyesha mbele ya macho na kusema: "Ona. Leo iko nyekundu muzuri, sawa nyama ya sokoni asubuhi."

"Mama, nimekula sasa hivi."

"Kula tena."

Kuku yetu ilianza kutaga chini ya kitanda. Kine alisimama mulangoni, mikono kwa kiuno: "Hapa ni hospitali ao soko?" Mama mukwe alimupa mayai mbili, na kesho yake hakuuliza tena. Lakini infirmiye mukubwa, mwenye kuongoza wauguzi, aliuliza, na kuku ilihamishwa kwangu Lumumba, fasi bibi yangu aliiweka na majogoo ya jirani.

Nilihesabu nyuzi kumi na tisa kwa chuma ya kitanda. Ya mwisho mama mukwe aliishika kati ya vidole viwili na sikuiona, mpaka aliipeleka kwa mwangaza. Juma yenye kufuata hakukata kitu. Aliangalia, akaangalia tena, akaita kine, na kine akainama na kusema: "Imefunga."

Walinikalisha kwa kiti ya magurudumu asubuhi. Kichwa ilizunguka, nikashika mikono ya kiti. Nilikuwa nimekaa! Niliona chumba nzima kwa urefu ya mutu. Kine alitaka kunipongeza, lakini mama mukwe alikuwa amesha jifunza kazi kumupita. Alijua kwamba kiti nayo ni matela, kwamba kila mara mutu ajisukume na mikono, anyanyue makalio ili damu ipite. Alisimama mbele yangu na mwiko.

"Nyanyuka!"

"Mama, nimekaa sasa tu."

"Nyanyuka, nimesema! Sitakata nyuzi ingine."

Nilinyanyuka, na yeye alihesabu mpaka makumi tatu.

Kisha miezi tatu ya kujifunza kiti, nilirudi nyumbani. Tuliweka mashini ya mukono kwa meza fupi, na nguo ya kwanza nilishona ilikuwa ya mutoto wangu, mwenye alikuwa amesha anza kusimama mbele ya baba yake. Mama mukwe alirudi Kpandroma kulima. Pazia alienda nayo. Kuku aliiacha.

Na hapa nitasema makosa yangu ya mwisho. Kuku sikuirudisha. Mwezi, miezi, mwaka. Alipiga simu: "Kuku yangu iko wapi?" Nilisema barabara ni mubaya. Barabara ikatulia, nikasema gari hakuna. Bibi yangu aliniambia: "Weye, unaogopa nini?" Niliogopa kumupoteza. Nilipata mama nikiwa na miaka yangu yote hii, mama mwenye uso, mwenye kunitukana na mwiko, na sasa niende mwenyewe kununua ukuta kati yetu kwa kuku? Nilimuambia mama mukwe hivyo kwa simu, na hasira.

Alisema: "Kama unashika kuku yangu, uko mugonjwa wangu bado. Na mimi sikukuosha miezi yote hii juu ubakie mugonjwa. Leta."

Tuliajiri gari. Kuku yenyewe ilikuwa imezeeka, haikuweza safari. Nilibeba mutoto yake, nyekundu vile vile, juu ya mapaja yenye haisikie makucha. Walinishusha kwa mulango ya kiwanja Kpandroma, wakanisukuma ndani. Mama mukwe alikuwa katikati ya kiwanja, anaanika mahindi. Aliinua kichwa, akaona kiti, akaona kuku.

Akakimbia. Mwanamuke mwenye magoti mabaya, alikimbia mbio, sandali moja ikabakia kati ya mahindi, akaingia nyuma ya jikoni. Alinikimbia vile wanakimbiaka mukwe, vile alinikimbia nilipokuwa na miguu.

Niligeuza kiti mimi mwenyewe, uso kwa barabara. Bibi yangu alichukua kuku, akaipeleka huko nyuma. Machozi ilikuwa inashuka mpaka kwa ndevu na sikuipangusa.

"Mukwe, umefika muzuri?"

"Nimefika, mama."

Nilisikia kuku inalia mikononi mwake. Nikajua basi, ndiyo hivi, imeisha.

"Toka Bunia mpaka hapa," sauti iliuliza nyuma ya jikoni, "umekaa bila kunyanyuka?"

Niliangalia mapaja yangu.

"Nyanyuka!"

Niliweka mikono kwa kiti, nikajisukuma juu, na nyuma ya ukuta mama mukwe wangu alianza kuhesabu, na hakuniruhusu kushuka mpaka makumi tatu.